Karafuu ya Pemba na Vijidudu vya Maradhi

Afikaye Pemba wakati wa mavuno hupokewa na harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini. Hata makonyo, yaani vikonyo vilivyoshika matumba, hayatupwi: hutiwa mvuke ili kutoa mafuta katika kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake. Tangu zamani wazee humshauri mwenye maumivu ya jino atafune karafuu. Je, sayansi ina neno gani juu ya ushauri huo?

Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali iitwayo eujenoli, ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza maumivu. Ili kujua kama mafuta huzuia bakteria pia, wataalamu hupanda bakteria juu ya jeli ya agari ndani ya sahani, kisha huweka juu yake kipande cha karatasi kilicholoweshwa mafuta. Sahani hukaa usiku kucha katika joto la nyuzi 37 za sentigredi. Asubuhi bakteria huwa wametanda kama ukungu. Ukionekana uwazi kuizunguka karatasi, basi hapo wameshindwa kukua. Eujenoli hudhuru utando wa seli zao hata vilivyomo vikavuja.

Kwa njia hii mafuta ya karafuu yameonekana kuzuia bakteria kadhaa, akiwemo Staphylococcus aureus asababishaye majipu. Hata hivyo, tusishangilie upesi. Kwanza, hapana budi kuweka karatasi nyingine yenye spiriti pekee, kwani spiriti iliyozimulia mafuta nayo huua bakteria. Pili, mafuta hayaenei vyema katika jeli yenye maji. Kwa hiyo uwazi mdogo huweza kuficha nguvu kubwa. Tatu, sahani si mwili wa binadamu. Mafuta yasiyozimuliwa huunguza ufizi, na wapo watoto wadogo walioharibika ini baada ya kumeza mililita 10 hivi.

Ndiyo sababu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili mwaka 1974, ambacho leo ni taasisi huko Muhimbili, kazi haikuwa kuthibitisha manufaa tu, bali pia kupima madhara.

Shuleni tusipande vijidudu vya maradhi. Mwalimu atie hamira, sukari na maji ya uvuguvugu katika chupa mbili, na katika moja aongeze karafuu iliyosagwa. Hamira ni jamii ya kuvu, si bakteria. Lakini wanafunzi wakilinganisha povu la chupa hizo, watajifunza kwa nini kila jaribio huhitaji chupa ya pili.