Kujenga upya injini nyumbani: pima kwanza, tuma pesa baadaye

Pita mtaa wowote Nairobi, Nakuru au Mombasa, utaliona. Corolla ya miaka ya tisini, boneti wazi, vumbi juu ya kioo, injini imefunikwa gunia kando ya ukuta. Mwenyewe alianza kazi akiwa na pesa. Ziliisha katikati.

Mara nyingi shida si kiasi cha pesa, ni mpangilio wa kuzitoa. Spea zilinunuliwa kabla injini haijapimwa. Fundi akalipwa yote siku ya kwanza. Ilipofika zamu ya kuchonga bloku, simu haikuwa na kitu. Kama unapanga kufungua injini nyumbani, fuata utaratibu huu. Tutatumia mfano wa 5A-FE, ile injini ya lita 1.5 iliyo kwenye Corolla nyingi za 100 na 110.

Kwanza, hakikisha inahitaji kufunguliwa

Uliza moshi. Moshi wa buluu unaotoka asubuhi ukiwasha gari kisha unapotea, mara nyingi ni sili za valvu. Hiyo ni kazi ndogo kuliko kufungua injini yote. Moshi wa buluu unaoendelea kila ukikanyaga mafuta unaelekea kwenye ringi. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya hedi.

Kisha lipia kipimo cha kompresheni. Silinda moja ikiwa chini, fundi aweke kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na apime tena. Kipimo kikipanda, ringi au silinda zimelika. Kisipopanda, angalia valvu au gasketi. Pesa kidogo hapa inaweza kukuokolea maelfu.

Gawa bajeti kabla ya kushika spana

Tuseme umejipangia shilingi 60,000. Huo ni mfano tu, bei za kwenu ziulize. Toa 12,000 uziweke kwenye akiba iliyofungwa, si kwenye salio la kawaida ambalo unaligusa kila ukinunua mkate. Hiyo ni ya dharura, na kwa injini ya zamani dharura haikosi. Zilizobaki zigawe mara nne: kufungua, mashine, spea, na kufunga pamoja na oili.

Usifungue injini kabla pesa ya mashine haijakamilika. Bloku ikikaa wazi wiki nyingi, silinda hushika kutu. Ukilazimika kusubiri, zipake oili na uzifunike vizuri.

Unapofungua, piga picha

Simu yako si ya kutuma pesa tu. Piga picha kila waya na kila bomba kabla ya kulitoa. Bolti za kila sehemu ziwe kwenye mkebe wake wenye jina. Vifuniko vya koni rodi visichanganywe, kila kimoja kirudi mahali pake. Valvu pia.

Mashine ndiyo huamua ununue nini

Peleka hedi na bloku kwa fundi wa mashine. Hedi ikiwa imepinda kidogo, husawazishwa. Silinda zikiwa zimelika, huchongwa ziwe pana zaidi, na hapo pistoni za saizi ya kawaida hazifai tena. Silinda ya 5A-FE ina kipenyo cha milimita 78.7. Ikichongwa kwa milimita 0.50, pistoni na ringi lazima ziwe za saizi hiyo mpya. Beringi za krenki nazo ni vivyo hivyo.

Ndiyo maana aliyenunua spea mapema hujikuta na boksi ambalo duka halitaki kurudishiwa. Ukiambiwa, "Mkubwa, tuma ya pistoni saa hii, bei itapanda," jibu kwa upole: "Sawa fundi, nipe vipimo kwanza."

Kulipia spea

Ukienda Grogan au Kirinyaga Road, beba kifaa cha zamani mkononi ulinganishe. Usimtumie pesa mtu aliyekusimamisha barabarani eti anajua duka. Ingia dukani, shika spea, ndipo ulipe kwa nambari ya tili ya duka lenyewe. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Likiwa tofauti na la duka, simama uulize.

Andika namba ya muamala kwenye risiti ya karatasi, na usifute ujumbe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Spea ikiwa na kasoro, ujumbe huo utaonyesha siku uliyolipa, kiasi, na nani alipokea. Ukikosea nambari, omba pesa irudishwe papo hapo, kabla aliyeipokea hajaitoa.

Kumlipa fundi

Kubalianeni bei mapema, na umtumie makubaliano kwa ujumbe mfupi ili kila mmoja abaki nayo. Sehemu ya kwanza alipwe injini ikishafunguliwa, ya pili ikifungwa, na ya mwisho baada ya injini kuwaka, kupata joto na kukaguliwa kama inavuja. Fundi wa kweli hatakasirika. Hata yeye utaratibu huu unamlinda dhidi ya mteja anayepotea kazi ikiisha.

Usibane pesa hapa

Gasketi ya hedi iwe mpya. Bolti za hedi zikazwe kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana ya kupima nguvu. Kama huna, azima au kodi. Mkanda wa taimingi na pampu ya maji badilisha wakati huu ambapo kila kitu kiko wazi. Oili ya kwanza imwage mapema, kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa sababu hubeba vipande vidogo vya chuma. Usiimwage mtaroni, ichote kwenye mtungi umpe anayeikusanya.

Kujenga upya injini yako kuna faida nyingine. Nambari ya injini iliyo kwenye logibuku inabaki ileile. Ukiweka injini ya mtumba kutoka Japani, lazima ubadilishe rekodi za NTSA, na hiyo nayo ina gharama yake.

Kwa hivyo leo jioni, kabla ya kununua hata ringi moja, fungua akiba uipe jina "Injini" na uanze na pesa ya kipimo cha kompresheni. Na akipigia mtu akisema ni mhudumu wetu anayetaka PIN yako, kata simu. Hatuulizi PIN.