Mwanafunzi Aliyenyamaza Palma

Mwalimu yeyote wa sekondari Palma au Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, anamjua mwanafunzi huyu. Akiulizwa swali, anainamisha kichwa. Akiwekwa kwenye kikundi, anajitenga. Akitaniwa kidogo, anawaka. Ni rahisi kumwita mkaidi. Lakini kijana aliyezaliwa 2010 alikuwa mtoto wa miaka kama saba Mocímboa iliposhambuliwa na waasi Oktoba 5, 2017, na Palma ilipovamiwa Machi 24, 2021 alikuwa bado hajabalehe. Wengi wa rika lake wamelala porini, wamepakiwa mashuani kukimbilia mji wa Pemba, wamezoea kwamba anayenyamaza ndiye anayesalimika. Kijana wa namna hiyo haanzi kuzungumza kwa kuambiwa apaze sauti.

Miongoni mwa tiba za kisaikolojia zilizojaribiwa Afrika Mashariki, ninayoiamini zaidi kwa vijana hawa ni ya masimulizi. Kamba inatandazwa chini: hayo ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Penye furaha anaweka ua, penye maumivu anaweka jiwe. Kisha analisimulia kila jiwe kwa zamu yake: ulikuwa wapi, ulisikia nini, mwili ulifanyaje, na sasa unaposema, unajisikiaje? Mshauri anaandika. Kikao kijacho anamsomea, naye kijana anasahihisha: hapana, mama alitangulia, mimi nilibaki na mdogo wangu.

Kusahihisha huko ndiko ninakokupenda. Aliyepitia vita mara nyingi amebaki na vipande tu, mlio, moshi, mkono uliomvuta, visivyo na mwanzo wala mwisho. Akishavipanga na kuvisema mpaka mwisho mbele ya mtu asiyemkatiza, tayari anafanya yale tunayoyadai darasani: kueleza, kusikiliza, kupinga bila ugomvi.

Katika kambi ya Nakivale, Uganda, kazi hii haikusubiri madaktari. Wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwahudumia wenzao, na utafiti uliochapishwa 2008, uliohusisha Wanyarwanda na Wasomali 277, ulionyesha dalili za kiwewe zikipungua. Hao walikuwa watu wazima. Kwa watoto na vijana lipo toleo la tiba hii.

Huku pwani, kikao kifanyike kwa Kimwani, Kimakonde, Kimakua au Kiswahili, lugha anayootea ndoto kijana. Kireno cha darasani kinamlazimisha apime sarufi wakati moyo unadunda, na asiyeimudu sarufi atanyamaza tena. Tena kisifanyike mbele ya darasa zima. Kumsimamisha mtoto ubaoni awasimulie wenzake jinsi nyumba yao ilivyochomwa ni kumjeruhi upya, hata kama mwalimu ana nia njema. Darasani yatosha mazoezi mepesi: wawili wawili, mmoja aeleze safari ya kwenda kuvua, mwenzake arudie alichosikia kabla ya kujibu.

Na kabla ya kumkabidhi mwalimu kamba hiyo, apewe kikao chake kwanza. Walimu wengi wa wilaya hizi walikimbia mashambulizi yaleyale waliyoyakimbia wanafunzi wao.