Pengo la jino: la kuziba na la kuacha

Kung'oa jino ni rahisi kwa bei, na ndiyo maana wengi hukimbilia huko. Kabla hujakaa kitini, uliza kama jino linaweza kuokolewa kwa kutibu mzizi. Ni ghali kuliko kung'oa, na gego likishatibiwa mzizi kwa kawaida huhitaji kofia ya kulifunika, inayotozwa peke yake. Hata hivyo, jumlisha yote: mara nyingi bado ni nafuu kuliko kuziba pengo kwa jino la bandia lisilovuliwa.

Gharama ya pengo huja polepole. Mzizi ukiondoka, mfupa wa taya hukosa kazi na kuanza kusinyaa. Ndani ya miezi 12 upana wake mahali hapo unaweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa hupotea miezi 3 ya mwanzo. Meno ya jirani yanaweza kuegemea pengo; lile lililokuwa likikutana na jino lililong'olewa linaweza kushuka au kupanda. Chakula kinanasa, meno mazima yanaoza, na daktari anayetaka kuziba baadaye anakuta nafasi imebanwa.

Si kila pengo la kuziba: la gego la mwisho kabisa usililipie. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa 2003 ulionyesha kwamba watu waliokosa magego ya nyuma walitafuna vya kutosha, mradi meno ya mbele yake yawepo na angalau jozi moja ya magego ikutane. Pesa yako iende kwenye jino la mbele au gego la kwanza.

Jino la plastiki la kuvaa na kuvua ndilo la bei ya chini, na hupatikana upesi. Ukilivaa kila siku husaidia kuzuia meno ya jirani yasiegemee pengo. Mfupa haliulindi: fizi ikishuka linalegea, nawe unalipia kulitengeneza upya. Likianguka sakafuni linaweza kuvunjika, basi lioshe juu ya beseni lenye maji.

Daraja, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani, halivuliwi na huweza kudumu miaka 10 na zaidi, lakini pengo moja kwa kawaida hulipiwa kama meno matatu, kwa sababu majirani wawili huchongwa na kuvishwa kofia. Kama tayari wana viraka vikubwa, ni pesa halali. Kama ni wazima, mimi nisingekubali wachongwe.

Kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayopandwa kwenye taya, ndicho kinachoupa mfupa kazi tena. Ndicho ghali zaidi, huchukua miezi kadhaa, na sigara au kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari ya kushindwa. Bei unayotajiwa inaweza kuwa ya skrubu tu. Kiungio cha kuishikilia kofia, kofia yenyewe, picha na mfupa wa kuongezea huja juu yake.

Pesa ni kidogo leo? Vaa la plastiki mapema, uweke akiba. Usilipe amana bila karatasi inayotaja kila kipengele na bei yake, pamoja na nani atalipia marekebisho ya baadaye.