Kukandamiza tundu la sindano hadi damu ikome

Sindano inapochomolewa mkononi baada ya damu kuchukuliwa, huacha matundu mawili. La kwanza liko kwenye ngozi na kila mtu hulion­a. La pili liko kwenye ukuta wa mshipa, na kwa kuwa sindano huingia kwa mshazari, tundu hilo huwa mbele kidogo ya lile la juu, upande wa begani. Damu inayolowesha pamba hutokea kwenye ngozi. Ile inayovilia ndani na kuacha uvimbe hutokea kwenye tundu lisiloonekana. Ndiyo maana kidole kimoja juu ya doa la damu mara nyingi hakitoshi. Vidole viwili, kimoja juu ya doa na kingine mbele yake, hufunika yote mawili.

Kuziba kwenyewe ni kazi ya mwili. Mshipa uliotobolewa hujikunyata papo hapo, kisha chembe sahani za damu hunata kwenye kingo za tundu na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe hizo kati ya 150,000 na 400,000 hivi katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Mtaliano Giulio Bizzozero ndiye aliyezieleza kwa kina na kuonyesha kazi yake ya kuzuia damu, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kizibo cha mwanzo ni laini na hutoka kwa urahisi; hukazwa baadaye na nyuzi za fibrini zinazojisuka juu yake. Kidole kinachokandamiza hupunguza mwendo wa damu mahali hapo, ili chembe sahani zinate bila kusombwa. Msukumo wa damu katika vena ya mkono ni mdogo sana kuliko wa ateri, kwa hiyo nguvu nyingi haihitajiki. Kinachohitajika ni muda usiokatizwa. Anayeinua pamba kila baada ya nusu dakika ili achungulie hukibandua kizibo kikiwa bado kibichi, na hesabu ya dakika huanza upya.

Mambo huanza kwenda sawa au kuharibika kabla pamba haijaguswa. Mpira uliofungwa juu ya kiwiko hufunguliwa kwanza, ndipo sindano itolewe. Ukiachwa, damu iliyojaa kwenye mshipa hutafuta njia kupitia tundu jipya. Pamba hushikiliwa juu ya sindano bila kugandamizwa, kwa sababu kubonyeza ncha kali ikiwa bado ndani huumiza na huweza kuchana ukuta wa mshipa. Ikishatoka tu, hapo ndipo mkandamizo huanza. Shashi ni bora kuliko pamba, maana nyuzi za pamba hugandia kwenye kidonda na kukifungua zinapovutwa, lakini katika zahanati nyingi pamba ndiyo iliyopo, nayo inafaa ikiwa safi na kavu. Pamba iliyoloweshwa spiriti ni ya kusafisha ngozi kabla ya kuchoma. Baada ya kuchoma huwasha bure na haifyonzi damu vizuri.

Kosa linaloonekana zaidi ni kukunja kiwiko. Mgonjwa huwekewa pamba, huambiwa “kunja mkono”, kisha hurudi kwenye benchi akiwa amekunja hivyo hivyo, na anayemwambia mara nyingi ni mtoa huduma mwenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 kuhusu uchukuaji wa damu unakataza jambo hilo waziwazi kwa sababu husababisha damu kuvilia chini ya ngozi. Mkono uliokunjwa hubana pamba kwenye mkunjo, ambao si lazima uwe juu ya tundu la mshipa, na siku zote hufika wakati wa kuunyoosha: ngozi na mshipa hunyooka, na kizibo hubanduka. Mkono hunyooshwa, huinuliwa kidogo kupita usawa wa moyo, na vidole vya mkono wa pili hukandamiza. Mtoto mdogo au mgonjwa asiyejiweza hukandamiziwa na mtu mwingine, aliyevaa glavu.

Muda hutegemea ukubwa wa sindano. Ile ya vipimo vya kawaida huwa na kipenyo cha milimita 0.8 hivi, na dakika mbili hadi tano hutosha. Ya kuchangia damu, inayopitisha takriban mililita 450 kwa muda mfupi, ina upana wa kama mara mbili. Mchangiaji hukandamiza dakika tano au zaidi, huacha bandeji kwa saa kadhaa, na siku hiyo ndoo ya maji au gunia hubebwa kwa mkono mwingine. Damu inapochukuliwa kwenye ateri ya kifundo cha mkono ili kupima hewa iliyomo, mgonjwa haachiwi kazi hiyo. Mhudumu mwenyewe hukandamiza kwa nguvu, si chini ya dakika tano.

Dawa pia hubadili hesabu. Aspirini huidhoofisha chembe sahani kwa maisha yake yote, ambayo ni siku saba hadi kumi, kwa hiyo kuruka kidonge cha asubuhi ya kipimo hakusaidii lolote. Anayetumia warfarini au heparini huweza kuhitaji dakika kumi. Wapo pia wenye himofilia, wenye ini lililoharibika na wagonjwa wa dengi, ambao chembe sahani zao huweza kushuka sana. Watu wote hao wanapaswa kumwambia mhudumu kabla ya kuchomwa, wala wasiache dawa kwa uamuzi wao. Wakidungwa sindano ya msuli, kama chanjo, mahali hapo hukandamizwa walau dakika mbili bila kusuguliwa. Kusugua, ambako wengi hukuona kuwa huduma nzuri, huongeza damu kuvilia.

Somo gumu kuliko yote liko kwa wanaosafishwa damu kwa mashine. Wengi wao wana fistula ya mkononi (isichanganywe na ile ya uzazi), yaani vena iliyounganishwa na ateri kwa upasuaji, njia iliyotangazwa na Michael Brescia, James Cimino na wenzao jijini New York mwaka 1966. Vena hiyo hupitisha nusu lita ya damu au zaidi kwa dakika, huchomwa sindano mbili nene kila mara, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na juu ya hayo mgonjwa huwa amepewa heparini. Baada ya kuchomoa, kila tundu hukandamizwa dakika kumi hadi kumi na tano. Hapa kosa lipo pande zote mbili: ukilegeza, damu huruka, ukibana kupita kiasi, mtiririko husimama, damu huganda ndani na fistula hufa. Kipimo ni kuwa damu haitoki, lakini kidole kilichowekwa juu kidogo ya tundu bado husikia mtetemo. Bandeji inayozungushwa mkono mzima na kukazwa haifai, na tundu linaloendelea kutoa damu kupita dakika 20 linataka mtaalamu aangalie fistula yenyewe au kiasi cha heparini.

Damu iliyovilia chini ya ngozi baada ya kipimo kwa kawaida hunyonywa na mwili katika wiki moja au mbili. Kwenye ngozi nyeusi rangi yake haionekani vizuri, hivyo hutambuliwa zaidi kwa kupapasa: uvimbe, ugumu, maumivu. Kitambaa chenye maji baridi husaidia siku ya kwanza. Ganzi, uchungu unaoshuka hadi vidoleni au uvimbe unaozidi kukua ni dalili kuwa neva inabanwa, na mgonjwa arudi hospitali siku hiyo hiyo. Majivu, unga wa kahawa au ugoro havipakwi. Huingiza vijidudu, pamoja na vya pepopunda.

Fistula ikianza kutoa damu mgonjwa akiwa nyumbani, hiyo ni dharura. Taulo nene hunywa damu na kuficha inavyotoka. Kidole kilichowekwa moja kwa moja juu ya tundu, mkono ukiwa umeinuliwa, ndicho kinachozuia. Mtu wa pili atafute usafiri, na kidole kisiondolewe hadi mgonjwa afikishwe hospitali.