Je, Wajua? Fedha Zako Zilizo Benki Si Zako

Je, wajua kwamba ukishamkabidhi keshia noti zako, zinakuwa mali ya benki? Usishtuke. Mwaka 1848 Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa huko, liliamua katika kesi ya Foley dhidi ya Hill kwamba benki haimtunzii mteja fedha kama mtu anavyomtunzia jirani sanduku. Imezikopa. Itazifanyia biashara itakavyo, nawe unabaki mdai wake. Kenya na Tanzania zilirithi kanuni hiyo pamoja na mahakama za kikoloni. Basi salio unaloliona kwenye simu ni hesabu ya mdaiwa wako. Wewe daftari lako liko wapi?

Je, wajua kwamba hundi unaweza kuiandika leo na salio lisipungue hata senti? Fedha hazitoki mpaka uliyemwandikia aipeleke benki, na kwa kawaida ana miezi sita ya kufanya hivyo. Umelipa ada ya shule kwa hundi ya 50,000; akaunti bado inaonyesha 80,000; ukatoa 60,000 za harusi ya binamu. Hundi itarudi, na nchini Kenya kutoa hundi huku ukijua akaunti haina fedha ni kosa la jinai. Ndiyo maana kitabu cha hundi kina vishina. Watu wengi huviacha vitupu, nami nilikuwa mmoja wao hadi hundi yangu iliporudi na mwenye duka akanipigia simu mbele ya wakwe.

Neno lenyewe "hundi" lilivuka bahari na wafanyabiashara wa Kihindi, waliotumiana karatasi za malipo kati ya Bara Hindi na pwani yetu kabla tawi la benki halijaonekana. National Bank of India ilifungua mlango Zanzibar mwaka 1892 na Mombasa mwaka 1896. Wakenya wengi leo husema "cheki".

Je, wajua kwamba maneno yana nguvu kuliko tarakimu? Sheria ya Hundi ya Uingereza ya mwaka 1882, iliyozaa sheria zetu, inasema kiasi cha maneno kikitofautiana na cha tarakimu, cha maneno ndicho kinacholipwa. Keshia wa siku hizi, hata hivyo, huona salama zaidi kukurudishia karatasi yako.

Na nafasi tupu je? Huko London, karani wa kampuni moja alimpelekea bosi wake hundi ya pauni 2 aitie sahihi. Bosi alikuwa mbioni kwenda kula. Tarakimu 2 ilikuwa na uwazi kila upande, na sehemu ya maneno haikuandikwa kitu. Bosi akasaini, akatoka. Karani akatia 1 mbele na 0 nyuma, akaandika kwa maneno pauni mia moja na ishirini, akachukua fedha na kutoweka. Mwaka 1918 Baraza la Malodi liliamua hasara ni ya kampuni, si ya benki: aliyesaini ndiye aliyemfungulia mwizi mlango. Kwa hiyo anza kuandika ukingoni kabisa, na uwazi unaobaki uupige mstari.

Kunyamaza nako kuna gharama. Bwana mmoja Mwingereza aligundua kwamba mkewe alikuwa akighushi sahihi yake na kutoa fedha. Mke akamsihi asiseme, naye akakaa kimya miezi kadhaa. Mke alipofariki, mume akaidai benki, akashindwa. Angetoa taarifa mapema, benki ingeweza kufuatilia fedha zake. Nionavyo, hukumu hiyo ni kali, lakini inaeleza kwa nini taarifa ya akaunti ya kila mwezi isomwe mstari kwa mstari, hata makato madogo ambayo hujui yametoka wapi.

Kuchukua zaidi ya salio kulianza kama upendeleo. Mwaka 1728 Royal Bank of Scotland ilimruhusu William Hogg, mfanyabiashara wa Edinburgh, kutoa hadi pauni 1,000 kupita alichokuwa nacho. Leo huduma hiyo ina riba, na riba haina urafiki.

Na benki ikifilisika? Hapo ndipo utakapokumbuka kuwa wewe ni mdai kama wengine. Nchini Kenya bima ya amana hukulipa hadi shilingi 500,000 kwa benki moja, hata kama ulikuwa na milioni tano. Tanzania kiwango hicho kilipandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi milioni 1.5 hadi milioni 7.5.