Kwa Nini Programu ya Java Hukataa Kufunga



Tuseme mweka hazina wa kamati amemaliza kuingiza michango ya Jumapili. Anafunga dirisha, lakini programu bado inaendelea chini kwa chini. Au kinyume chake: imefunga upesi, na kesho yake mistari ya mwisho ya daftari haipo. Ikiwa imeandikwa kwa Java, lugha iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, huenda chanzo cha yote mawili ni kimoja.

Programu ya Java hufanya kazi kwa nyuzi. Uzi ni mfululizo mmoja wa maagizo, na nyuzi kadhaa zaweza kwenda pamoja: mmoja unapokea maandishi, mwingine unahifadhi, mwingine unasubiri mtandao. Wengi hudhani uzi wa kwanza, uitwao main, ukiisha basi na programu imekwisha. Sivyo. Maadamu umebaki hata uzi mmoja wa kawaida, programu haifungi yenyewe. Uzi uliosahauliwa, unaosubiri ujumbe usiokuja, watosha kuishikilia usiku kucha.

Kuna nyuzi za aina ya pili, ziitwazo dimoni. (Msishtuke. Wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, walilichukua jina hilo katika miaka ya 1960 kwa kiumbe cha kubuni cha mwanafizikia Maxwell, kinachofanya kazi bila kuchoka.) Hizi hazihesabiwi. Uzi wa mwisho wa kawaida ukiisha, dimoni hukatwa palepale, hata kama zimefika katikati ya mstari. Kazi ya kuzoa kumbukumbu isiyotumika yafaa kupewa dimoni. Kuandika sadaka kwenye diski, hapana.

Fundi huchagua aina kwa agizo la setDaemon kabla uzi haujaanza. Ukishaanza, Java hukataa. Asipochagua, uzi hurithi aina ya uzi uliouumba. Tangu Java 21, ya mwaka 2023, zipo pia nyuzi pepe, nazo ni dimoni daima. Anayeboresha programu ya zamani aliangalie sana jambo hilo.

Wengine hutumia System.exit, inayofunga bila kungoja nyuzi zinazoendelea zimalize. Hiyo ni dawa kali mno. Afadhali uzi wa kuhifadhi uambiwe umalize, kisha usubiriwe kwa agizo la join.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini malipo, mwulizeni fundi: uzi unaoandika kwenye diski ni wa aina gani? Halafu ingizeni mchango mmoja, fungeni papo hapo, fungueni tena mtazame.