Yowe la jirani na usingizi wetu



Wapendwa, katika Injili ya Marko, sura ya 10, kipofu Bartimayo ameketi kando ya njia itokayo Yeriko. Anaposikia kwamba Yesu anapita, anapaza sauti kuomba huruma. Wengi wanamkemea anyamaze, naye anazidi kuita. Yesu anasimama, anaagiza aletwe.

Leo tutafakari kilio cha mtu aliye hatarini, na sisi tunaokisikia.

Usiku wa Aprili 14, 1912, meli ya Titanic iligonga mwamba wa barafu katika Bahari ya Atlantiki. Mafundi wake wa redio walituma wito wa hatari, kwanza CQD, kisha SOS. Maofisa wakarusha fataki angani. Meli ya Californian ilikuwa imesimama jirani, imezuiwa na barafu. Fundi wake wa redio alikuwa amejaribu mapema kuwatahadharisha Titanic, akajibiwa anyamaze. Akazima mitambo, akalala. Maofisa wa zamu waliona fataki nane nyeupe, wakampa nahodha taarifa. Akauliza kama si ishara za kampuni fulani ya meli, akaagiza waendelee kuulizia kwa taa. Fundi wa redio hakuamshwa mpaka alfajiri. Watu wapatao 1,500 walikufa. Carpathia, iliyokuwa umbali wa maili 58 za baharini, ilipata wito kwa sababu fundi wake alikuwa bado macho. Iligeuza njia, ikaokoa watu zaidi ya 700.

Wale maofisa hawakuwa watu wakatili. Waliona, kisha wakajitafutia maelezo mepesi. Nasi ndivyo tulivyo. Mama akilia usiku nyumba ya pili, tunasema ya mke na mume hayaingiliwi. Mtoto mchangamfu akianza kujitenga, tunasema anakua.

Nami naungama. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alinifuata sakristia Jumapili mbili mfululizo. "Padre, niombee." Nikamjibu, "Nitakuombea," huku nikivua mavazi ya Misa, maana nilikuwa na ubatizo na kikao. Sikumuuliza ana nini. Jumapili ya tatu katekista alinieleza kuwa kijana amelazwa, amekunywa sumu. Namshukuru Mungu, alipona. Lakini mimi nilikuwa nimeona fataki mbili.

Wazee wetu walikuwa na utaratibu. Yowe likipigwa, kila mtu alitoka na alichoshika mkononi. Aliyebaki ndani alidaiwa maelezo asubuhi, na aliyepiga yowe la uongo vilevile.

Basi, kwanza tujifunze kuita. Si aibu, Petro alipoanza kuzama alimwita Bwana. Mtumbwi ukipata hatari ziwani, nyosha mikono yote miwili pembeni, ipandishe na kuishusha taratibu, tena na tena. Ishara hiyo inatambuliwa duniani kote. Mwenye redio ataje "Mayday" mara tatu, kisha jina la chombo, mahali alipo na shida aliyo nayo. Nyumbani, wafundisheni watoto namba 112 ya polisi, 114 ya zimamoto na 116 ya msaada kwa watoto. Tena waambieni wasipige kwa mzaha, kwani anayechezea namba hizo huenda anamziba mdomo mwenye nyumba inayoungua.

Pili, tujifunze kuitika. Si lazima uwe na jibu la shida ya mtu. Yesu alianza kwa kusimama, kisha akamuuliza Bartimayo anataka atendewe nini. Wiki hii, katika jumuiya yako, yupo mtu ambaye umeshaona ishara zake na ukanyamaza. Baada ya Misa ya leo, pita kwake, uketi, umuulize.

Bwana atuamshe usingizini, tusikie. Amina.